Kwa Nini Mchanga wa Fungu la Mboja Una Rangi Nne

Tulieni nami nitulie. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatwa kauli.

Zamani hizo bahari ilikuwa haijui kupwa ikaacha miamba nje, wala haijui kujaa ikapiga milango ya watu. Maji yalipanda kidogo asubuhi, yakashuka kidogo jioni, basi. Yalikuwa hayo kwa hayo mwaka mzima, na mtu aliweza kusahau makubadhi yake ukingoni mwezi huu akayakuta pale pale mwezi ujao. Kisiwa chetu cha Shewani hakikuwa na fungu hata moja la mchanga baharini. Kilikuwa na pwani nne, na zote hazikuwa na mwenyewe.

Upande wa mashariki ilikuwapo Pwani ya Mawio, mchanga mweupe laini kama unga wa mchele. Upande wa pili Kasani, wanakotagia kasa, mchanga wa manjano uliochanganyika na vipande vya makombe. Ukienda kusini unakuta Mkokoni, penye mikoko na kaa na mchanga mweusi unaonasa mguu. Na chini ya jabali jekundu ilikuwapo Pangoni, ambako maji matamu ya baridi hutoka ndani ya pango hatua chache tu kutoka kwenye maji ya chumvi, na mchanga wake mwekundu kwa sababu jabali lenyewe humomonyoka taratibu. Mtu aliamka akaenda atakako, akashukuru, akarudi nyumbani.

Kilichoharibu mambo ni wageni. Haya, niseme kweli, si wageni, ni sisi wenyewe. Chombo kikionekana tu, kisiwa kizima mbio pwani. "Njooni kwetu mkaone kasa!" "Waongo hao, kasa wenyewe hawajatokea tangu juzi, twendeni pangoni mkaoge maji matamu!" Mgeni huku kavutwa mkono, kule kavutwa kanzu, mzigo wake umeshafika Mkokoni naye mwenyewe yuko Mawio anatafuta kofia. Mmoja alikaa siku tatu asione kitu chochote, kwa sababu kila aliyempitisha njia hii alinyang'anywa na wa njia ile. Aliondoka bila hata kuaga. Fedheha gani hiyo, jamani!

Hapo mvyale akasema yatosha. Mvyale ndiye aliyekuwa akitunza ardhi ya kisiwa, na wakati huo alikuwa Pandu, mzee mpole, ila neno lake likishatoka limetoka. Akatangaza kwamba siku ya Ijumaa, baada ya sala, nyumba zote zikutane penye kisima. Pwani zitagawanywa, kila nyumba ichague kipande chake. Mgeni atashuka pwani ya mwenyeji wake, na pale atakapokanyaga mchanga mkavu kwa mara ya kwanza, nyumba yenye pwani hiyo ndiyo itakayompokea kwa siku arobaini. Akila, akilala, akiugua, akizaa, yote ni juu yao. Hakuna kuvutana tena.

Sasa kulikuwa na mwanamke anaitwa Mboja, mkunga wa kisiwa. Mrefu, mjane, mkali wa maneno, na mwepesi wa kusamehe kiasi kwamba mtu aliyegombana naye asubuhi alikuwa akiletewa muhogo wake mchana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, aliyeolewa mrima, ng'ambo bara, na habari zilikuwa zimefika kwamba Kidawa ana mimba ya kwanza, anakuja kuzaa kwa mama yake. Chombo kingemleta kabla mwezi mwingine haujaandama.

Mboja aliposikia habari ya kugawanya pwani, hakulala usingizi wa mchana siku saba. Kila siku alitoka na bakora yake kwenda kutazama. Alikwenda Mawio, akaona pazuri, lakini jua linawahi kuchoma na mjamzito atazimia. Alikwenda Pangoni, akanywa maji ya pango kwa viganja, akasema alhamdulillahi, lakini mawe ya kushukia yanateleza. Mkokoni hakukaa hata kidogo, mbu walimtoa mbio. Mwishowe akaenda Kasani, na mwisho wa Kasani akakuta kipembe kidogo nyuma ya mwamba, chenye kivuli mpaka adhuhuri, mahali ambapo mtu mzito anaweza kukaa akanyoosha miguu. Akakaa yeye kwanza kujaribu, akamwona Kidawa amekaa pale. Akasema moyoni, hapa. Hakumwambia mtu, maana watu wa Shewani ukiwaambia kitu kizuri wanakitaka wao.

Ijumaa alfajiri akabishiwa hodi. Mwanamvua, mke kijana anayekaa karibu na kisima, uchungu umemshika. Mboja akafunga kanga akaenda. Nani angesema nina shughuli zangu? Mimba ya kwanza haina haraka, na ile ilikuwa ya kwanza. Asubuhi ikapita, Mwanamvua analia. Adhuhuri ikapita, sala ikasaliwa, watu wakaanza kukusanyika kisimani, Mwanamvua bado analia. Mboja alisikia kelele za mkutano ng'ambo ya ukuta akajua kinachoendelea. Roho ilimwenda Kasani, kwenye kile kipembe chake. Mikono yake haikuondoka.

Kule mkutanoni, Mvyale Pandu alihesabu nyumba akaona inakosekana moja. "Mboja hayupo," akasema. "Mwendeeni, mkamwulize kuhusu mchanga wake." Akatumwa Faki, mtu mzima mwenye ndevu, hodari wa kupeleka habari, ila hana subira ya kuisikiliza ikaisha.

Faki akafika, akasimama nje kama ilivyo adabu, mwanamume haingii chumba cha uzazi. Akapaza sauti: "Mama Mboja! Mkutano unauliza, mchanga je?"

Na wakati ule ule, nakwambieni, sio kabla wala baada, mtoto akatoka. Mboja amempokea, mwekundu, amelowa, hata hajalia. Akasikia mtu anauliza mchanga je. Angefikiri nini zaidi? Akajibu kwa furaha yote aliyokuwa nayo: "Mchanga mkononi tayari! Kawaambie washukuru Mungu!"

Faki huyoo, mbio. Kilio cha mtoto kilipotoka yeye alikuwa ameshapinda kona. "Mama Mboja anasema mchanga anao mkononi tayari, tushukuru Mungu." Watu wakasema, aa, mwanamke mjanja yule, kumbe ameshachagua kabla yetu. Wakacheka, wakashukuru kweli. Wakagawanya pwani yote mpaka ncha ya mwisho. Mvyale akachota maji ya kisima, akayamwaga chini, akatoa kauli: atakayemega pwani ya mwenzake, au kumpa mwingine kipande cha yake, bahari itakula pwani zote mbili. Kauli ikatoka, na watu wakaitikia amina.

Mboja alitoka kwa Mwanamvua wakati wa alasiri, kachoka, mikono inanukia karafuu. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kasani, na kwenye kipembe chake akamkuta Mzee Vuai anapigilia vijiti vya mpaka.

"Shikamoo Vuai, unafanya nini hapo?"

"Marahaba mama. Natenga kipande changu na cha jirani. Na wewe hongera, Faki katuambia mchanga wako unao mkononi, umeuchukua upande gani?"

Mboja akamwambia aliyekuwa naye mkononi ni mtoto mchanga wa Mwanamvua, hakuchukua upande wowote. Vuai nyundo ikamwangukia mguuni. Wakaenda wote kwa Mvyale, na njiani kila aliyesikia akafuata nyuma, na Faki naye akafuata, na alipoelewa alichofanya alijipiga kofi la uso mbele za watu.

Mvyale Pandu alisikiliza mpaka mwisho. Akainamisha kichwa. Pwani zimekwisha, akasema, na kauli imeshatoka kinywani mwake, hawezi kuimeza. Vuai akataka kutoa kipembe chake pale pale. Mwingine akataka kutoa nusu ya Mawio. Mvyale akakataa, machozi yanamlenga, kwa kuwa bahari ingekula cha mtoaji na cha mpokeaji. Basi Kidawa atashuka pwani ya watu, awe mgeni wa watu siku arobaini, azalie nyumba ya watu, na kitovu cha mtoto kizikwe ua wa watu.

Mboja hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha watu, kwa sababu walimzoea. Alisema tu: "Vitovu vya watoto wenu wote nimevizika mimi kwa mkono wangu, kila kimoja ua wa kwao. Cha mjukuu wangu sitapata pa kukizika?" Kisha akaenda zake. Usimwone mkali yule. Alifunga mlango akalia mpaka kanga ikalowa.

Aliyefungua njia ni Mwanamvua, kitandani, na mtoto wake ana siku mbili. Mumewe alimsimulia mambo yote. Kwanza alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaacha kucheka, akataka Mvyale aitwe asimame dirishani. Akamwambia: "Babu, Mama Mboja alisema mchanga anao mkononi, na mkutano mzima ukakubali neno lake. Basi kama hana, tumtie. Kauli yako imekataza kumega pwani, haikukataza kuchanga. Sisi hatumegi, tunachanga. Kila aliyepokewa na Mama Mboja alete pakacha moja la mchanga wa kwao, tukaumwage baharini, mahali ambapo si pwani ya mtu. Hilo litakuwa fungu lake."

Mvyale Pandu akaegemea dirisha. Akajaribu neno ulimini: kumega, kuchanga, kumega, kuchanga. Halafu akacheka, mzee yule, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Asubuhi yake ungewaona! Wenye ndevu waliopokewa na Mboja, wanawake waliopokewa na Mboja na watoto wao waliopokewa na Mboja, kila mmoja na pakacha lake kichwani. Mweupe ukatoka Mawio, manjano Kasani, mweusi Mkokoni, mwekundu Pangoni. Mvyale alikuwa mkubwa kwa Mboja, lakini alipokewa na mama yake Mboja, kwa hiyo naye akaleta lake kwa jina la marehemu. Faki alileta matatu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwanamvua hakuweza kutoka, alikuwa katika arobaini yake, akatuma mchanga kwenye kifuu cha nazi, fungu la yule mtoto. Walitembea majini mpaka kiunoni, hadi kwenye mwamba mpana mbele ya kijiji, wakamwaga pakacha baada ya pakacha. Mboja alisimama ukingoni akiwataja majina mmoja mmoja, na huyu alikuja miguu kwanza, na huyu alitaka kumuua mama yake, na huyu alizaliwa anapiga chafya. Watu walicheka na kulia kwa pamoja.

Mapakacha mia mbili na kumi na nne. Na bado, jamani. Ule mchanga ulikwenda ukakaa chini ya maji, dhiraa nzima kutoka juu. Wakataka kuongeza, lakini pwani zenyewe zilishaanza kutoka mawe, na Mvyale akasema sasa tukizidi tutakuwa tunamega. Pwani ni mchanga mkavu, akasema, na mchanga ulio chini ya maji si pwani ya mtu.

Siku kumi na tano zikapita hivyo, wakingoja mchanga upande wenyewe. Haukupanda. Siku ya kumi na sita, asubuhi kweupe, chombo kikaonekana. Kidawa amekaa mbele, tumbo limetangulia, anapunga mtandio. Nahodha akauliza kwa sauti, mgeni huyu nimshushe wapi? Upepo unageuka, siwezi kukaa. Na hakuna aliyemjibu, maana kumjibu ilikuwa ni kumchukua.

Mboja akaingia majini. Alikwenda na nguo zake mpaka kwenye mwamba, akapanda juu ya ule mchanga uliozama, maji yakamfika magotini. Akasimama. Alikuwa hana la kuomba kwa watu, wameshatoa walichonacho, na moyo wake ulijaa shukrani mpaka hasira haikupata pa kukaa. Akawaza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliwaza: siku ile ya kugawanya, waliulizwa watu wote, akaulizwa hata yeye kupitia kwa Faki, lakini bahari haikuulizwa. Walikatiana kingo zake vipande vipande kama vile haina mwenyewe.

Mboja akasema: "Hodi."

Watu ukingoni wakatazamana. Mawimbi yakapiga kama kawaida.

"Hodi," akasema mara ya pili. "Bahari, asante kwa miaka yote tuliyoingia kwako bila kubisha. Tumeoga, tumekula pweza wako, tumetazama kasa wako wakitaga, hatukusema hata neno. Naomba mahali pa kusimama mwanangu. Si pa daima."

Bahari haikusogea. Nanyi mnajua adabu: mtu hubisha mara tatu, asipojibiwa anarudi zake. Nahodha alishaanza kugeuza chombo kuelekea Mawio. Kidawa akaacha kupunga mtandio. Mboja akabisha mara ya tatu.

"Hodi."

Basi bahari ikasema karibu. Haikusema kwa kinywa. Ilirudi nyuma. Maji yakatoka magotini mwa Mboja yakaenda kwenye kifundo, yakatoka kwenye kifundo yakaenda chini ya mwamba, yakaendelea kwenda. Majani ya bahari yakalala chini. Konokono wa baharini wakabaki wanang'aa juani, pweza wakajificha mashimoni, miamba ambayo baba zetu hawakuwahi kuiona ikatokeza migongo yake. Watu walishikana mikono kwa woga. Na katikati ya yote ukachomoza mchanga mkavu, mweupe na wa manjano, mweusi na mwekundu, umechanganyika, na Mboja juu yake.

Nahodha akasukuma omo la chombo, ile pua yake ya mbele, mpaka pale, upande wa nje ambako maji yalibaki. Kidawa akateremshwa, akakanyaga mchanga kwa mguu wa kulia, na kabla hajasema lolote mama yake alikuwa ameshamkumbatia, tumbo na yote. "Karibu kwako," Mboja akamwambia. Kidawa akatazama chini, akauliza, "Mama, mchanga huu wa rangi rangi ni wa pwani gani?" Mboja akawanyooshea kidole watu wote waliosimama ng'ambo. Wakatembea kwa miguu mpaka kijijini, kwa kuwa njia ilikuwa kavu yote, na siku tisa baadaye Mboja akampokea mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, akakizika kitovu ua wake.

Maji yalirudi mchana ule ule, kwa sababu Mboja hakuomba pa daima. Tokea hapo, kila mwezi unapoandama na kila mwezi unapokuwa mpevu, bahari hukumbuka hodi ile ikajivuta mbali, nasi tukasema ni bamvua. Siku zilizo katikati hukaa kwake bila kwenda mbali, na hayo ndiyo maji mafu. Na mchanga unaochomoza katikati ya maji tukauita fungu, kwa kuwa ni sehemu aliyowekewa mtu.

Siku hizi wageni wa Shewani ni wengi kuliko wenyeji. Wanashuka na miwani yao ya jua na orodha zao, wanauliza, pwani ipi nzuri kuliko zote, tuanze wapi, tuache wapi? Hatumvuti mtu kanzu. Bamvua likifika tunawapeleka kwanza pale, wanavua viatu, wanasema hodi ndipo wanashuka. Tunawaambia watazame chini ya miguu yao. Aliyependa mweupe, tunampeleka Mawio. Aliyeinama kuokota kipande cha kombe katika ule wa manjano, huyo ni wa Kasani na kasa wake, na kombe analiacha pale pale. Aliyevutwa na mwekundu akanywe maji ya pango. Na yuko mmoja mmoja anayependa mweusi, tunamtazama mara mbili, tunampa dawa ya mbu, tunampeleka Mkokoni, na huyo ndiye hukaa siku nyingi kuliko wote.

Mgeni akishachagua, huuliza amshukuru nani. Tunamwambia ataje jina la mtu aliyempokea siku aliyozaliwa, amshukuru huyo. Wengi hawalijui. Husimama pale wakifikiri, wengine wakicheka kwa haya, mpaka maji yanaanza kurudi na kuwagusa vidole. Na wako waliotuletea salamu baadaye, kwamba walipofika kwao, hata mizigo hawajafungua, walikwenda kumuuliza mama.